Siku Niliyovua Kanzu Mbele ya Kwaya

Nianze na aibu yenyewe ili mtu asije akadhani naizunguka: siku ya kufungua kanisa letu jipya la matofali, mbele ya Bwana Mchungaji na mkewe, mbele ya bwana mkubwa wa boma aliyekuja na askari wawili, mbele ya mama yangu mzazi aliyekaa mstari wa kwanza kwa sababu mwanawe ndiye mwalimu wa kwaya, mimi Lusekelo nilivua kanzu. Haikunasa mahali, wala sikuvuliwa na mtu. Niliivua mwenyewe kwa mikono yangu miwili, na kwaya ilikuwa katikati ya wimbo.

Chekeni kwanza, mkimaliza tuendelee.

Shule yangu mimi ni miaka mitatu ya misheni, na katika hiyo mitatu mmoja niliumaliza kwa homa, kwa hiyo hesabuni miwili. Ila nilipata bahati moja. Nilimbebea mwinjilisti mizigo tukavuka mto Songwe mpaka kwenye misheni za Waskoti kule kusini mwa ziwa, na huko nikaona jambo ambalo liliniondolea usingizi: mtu mmoja amesimama mbele ya watu arobaini, hana kitabu, hana kinanda, ana mkono tu. Akikunja ngumi wanaimba do. Akilaza kiganja wanaimba mi. Akielekeza kidole juu sauti zinapanda mpaka unahisi paa litainuka. Nikakaa huko miezi miwili kwa kisingizio cha mguu unaouma, nikajifunza ngumi zote na viganja vyote, nikarudi Kyela nikiwa na mguu mzima na ndoto moja kubwa.

Huku nyumbani tulikuwa tunaimba, ndiyo, lakini mwe, kuimba gani kule. Nyimbo zilitoka Ujerumani, maneno yakatiwa Kinyakyusa kama mtu anayeingiza miguu ya ng'ombe kwenye viatu, na kila Jumapili tuliziimba polepole kama watu wanaopandisha jiwe la kusagia mlimani. Tulimfuata Bwana Mchungaji na kinanda chake cha kukanyaga, na kinanda chenyewe unyevu wa ziwa ulikuwa umekiingia kifuani, kinakohoa kuliko kinavyolia. Siku kilipokata roho kabisa, zikiwa zimebaki wiki saba kanisa lifunguliwe, Bwana Mchungaji akaniita.

"Lusekelo, wewe ulisema unajua kufundisha kwa mkono."

"Najua, Bwana."

"Basi fundisha. Wageni wanakuja."

Nikawakusanya watu ishirini na nane, nikakunja ngumi. Wakaniangalia.

"Hiyo ngumi unamtishia nani?" akauliza Mzee Mwambola.

Huyu Mzee Mwambola lazima mumjue vizuri. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, alibatizwa uzeeni, ana kifua kama mtungi wa kuwekea nafaka, na akiimba sauti ya chini unaisikia kwenye nyayo kabla haijafika masikioni. Bila yeye sauti ya nne ilikuwa ni wanaume sita wanaonong'ona. Nikamwambia, "Tata, siyo ngumi, ni do." Akasema do hiyo nikaipige nyumbani kwetu. Watu wakacheka, na siku ile hatukuimba kitu.

Usiku nikawaza, nikaona kosa langu: nilikuwa nawafundisha jambo wasilolijua kwa kutumia jambo lingine wasilolijua. Kesho yake sikukunja ngumi. Nikawauliza ni wimbo gani ambao wote mnaujua, hata mtoto, hata mtu aliyeokota Kinyakyusa njiani. Wakataja wimbo wa kulimia. Wanaume wanaulimia wakigeuza matuta, wanawake wanaupalilia, mmoja anaanza, wengine wanaitika, *geuza udongo, ndugu, geuza*, na jembe linashuka pale pale kwenye "geuza". Nikasema imbeni huo, wakaimba, nami nikawa nafuata kwa mkono, pale sauti iliposhuka nikashusha, ilipotua nikakunja ngumi, ilipopanda nikapandisha kidole. Mara ya tatu nikanyamaza, nikaacha mkono peke yake uende, na watu ishirini na nane wakaufuata bila kujua kwamba wanaufuata.

"Kumbe do ni pale jembe linapoingia," akasema Mzee Mwambola. "Ungesema toka jana."

Kutoka hapo tukabadilisha maneno kidogo, tukaweka *geuza moyo, Bwana, geuza*, nao ukawa wimbo wetu wa siku ya kanisa. Bwana Mchungaji aliusikia kupitia dirishani, akasema una afya. (Sijui wimbo unakuwaje na afya, lakini nilishukuru.)

Sasa shida. Sauti ya kwanza iliongozwa na Tupokigwe, na Tupokigwe ni mke wa mtoto wa Mzee Mwambola. Mtu wa kwetu akisikia hivyo tu anashika kichwa, lakini kwa wageni nitaeleza: kwetu mke wa mtu hamtazami baba mkwe wake wala baba mkwe hamtazami yeye. Mke akimwona mkwe kwa mbali anajifunika nguo na kuingia migombani. Jina lake halitamki, hata maneno yanayofanana na jina lake anayazunguka, ndani ya nyumba anaongea chini chini akichagua maneno kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele. Zamani haikuwa taabu, maana wana walijenga kijiji chao na baba zao walikuwa na chao, lakini misheni ilitukusanya wote sehemu moja, baba hapa, mwana nyumba ya tatu, na Tupokigwe kwenda kuchota maji ziwani alizunguka shamba zima la migomba ili asipite mlangoni kwa mkwewe. Katika miaka minne ya ndoa hawajawahi kuonana uso, hata mara moja.

Na hao wawili ndio nilikuwa nawataka kwenye kwaya moja.

Mzee Mwambola aliniita pembeni. "Nitaimba," alisema, "naye ataimba, kwa sababu mwanangu ameniomba. Lakini sikiliza, mwalimu. Siku macho yangu na ya mke wa mwanangu yatakapokutana kwa ajili ya nyimbo zako, yeye atarudi jikoni kwake, wala kwenye kwaya hii hatakanyaga tena. Heshima ikishamwagika haizoleki."

Tupokigwe naye alikuja nyumbani kwetu na mama yangu akiwepo, akakaa mlangoni akaniambia kitu ambacho mpaka leo sijakisahau. Alisema, "Kaka Lusekelo, siku saba za wiki mimi naongea kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Kwenye kwaya ndipo pekee nafungua mdomo wote. Nitunzie."

Nikaahidi. Mimi kwa kuahidi ni hodari.

Dawa yangu ilikuwa mkeka. Nilichukua mkeka mrefu wa matete, nikaufunga kwenye miti, nikaugawa katikati ukumbi tuliofanyia mazoezi: wanawake upande huu, wanaume upande ule, mimi nimesimama mwisho wa mkeka ninapoonekana na pande zote. Mkono wa kushoto uliwaelekeza wanawake na wa kulia wanaume. Bwana Mchungaji hakuupenda mkeka, alisema mbele za Mungu hakuna ukuta, nikamwambia Bwana, mbele za Mungu hakuna, lakini mbele ya Mzee Mwambola upo. Akaguna, akauacha. Wiki sita tuliimba hivyo, watu wameketi kwenye magogo, na kila mazoezi yakiisha wanawake walitoka kwanza, mimi nikahesabu mpaka hamsini, ndipo wanaume wakatoka. Hakuna jicho lililokutana na jicho.

Siku yenyewe watu walikuwa wengi kuliko kanisa. Walitoka Ipinda, walitoka Talatala, Wakisi wa pwani ya ziwa walileta vyungu vyao wakavipanga upande wa kivuli. Ikaamuliwa kwaya iimbe nje, uwanjani, mbele ya meza ya wageni. Nikasimika miti, nikatandaza mkeka wangu wima katikati ya kwaya, nikapima mara mbili. Mkeka ulikaa sawa. Magogo nayo yalikuwepo, watu wakakaa.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo.

Nilitazama kwaya ikiwa imeketi chini vile, magoti yamepanda mpaka kidevuni, nikawakumbuka wale watu arobaini wa kusini walivyosimama kama msitu, nikamtazama bwana mkubwa wa boma anayepangusa miwani, nikamtazama mama yangu. Nikasema neno moja.

"Simameni."

Wiki sita nzima sikuwahi kuwaambia wasimame, na sikujiuliza ni kwa nini mwalimu mwenye akili angejaribu kwanza. Wakasimama. Nikanyoosha mikono, nikafumba macho (hii nayo ni tabia yangu mbaya, nikifurahi nafumba macho), nikakunja ngumi, na wimbo ukaingia.

Ndugu zangu, uliingia. Sauti ya Tupokigwe ilipanda ikatandaza mabawa juu ya uwanja, Mzee Mwambola akaitika kutoka chini ya ardhi, na mimi ndani ya kope zangu nilikuwa tayari nimefika ng'ambo ya ziwa naongoza kwaya ya mataifa yote. Wimbo ukanivuta, nikawa narudi nyuma hatua moja, na ubeti mwingine hatua moja, polepole, kwa raha.

Nilichosahau ni kwamba ule ni wimbo wa kulimia. Ukiuimba umeketi, unauimba kwa mdomo. Ukiuimba umesimama, miguu inauimba pia, na miguu ya mkulima kwenye "geuza" haisimami mahali pamoja, inasogea mbele hatua moja kwenye udongo mpya. Kila "geuza", hatua. Nami mbele yao nikawa narudi nyuma, kama mtu anayewaita ng'ombe kwa chumvi.

Nilipofumbua macho, mkeka nilikuwa nauona mzima, mzuri, umesimama peke yake kule nyuma, na hapakuwa na mtu hata mmoja pembeni yake.

Kwaya ilikuwa imetoka. Na siyo kutoka tu, ilikuwa imejinyoosha, kwa sababu wakulima wetu wakilima hawaachi pengo, wa nyuma anamfikia wa mbele mpaka wanakuwa mstari mmoja ulionyooka. Mstari wa wanawake ulikuja kuungana na mstari wa wanaume, na pale ulipoungana, mwisho wa wanawake alikuwa Tupokigwe na mwanzo wa wanaume alikuwa Mzee Mwambola. Kati ya kiwiko na kiwiko mkono mmoja ungetosha.

Hawakujua. Wote walikuwa wameinama wakitazama chini kama unavyotazama tuta lako. Lakini mtu yeyote aliyewahi kushika jembe anajua kinachofuata: wimbo ukiisha, mkulima ananyoosha mgongo, anafuta jasho, anageuka kumtazama jirani aone nani amebaki nyuma. Na wimbo ulikuwa umebakiza mistari mitatu.

Nikawapa ishara ya kurudia. Wakarudia. Nikapata mistari minane, lakini mistari minane ni hatua nane, na meza ya wageni haikuwa mbali. Askari mmoja aliona watu ishirini na nane wanamjia bwana wake wakipiga chini majembe yasiyoonekana na kupaza sauti geuza, geuza, akashika bunduki. Mwenzake akamshika mkono, nikamsikia akisema, "Subiri, wanalima." Nikawaza nimwite Tupokigwe jina, atainua kichwa. Nimwite mzee, atainua kichwa. Nikakimbilie mkeka, sitawahi. Nikajitazama nikaona nguo moja tu uwanja mzima iliyo ndefu na nyeupe na iliyo karibu.

Nikaivua.

Sasa, chini ya kanzu. Babu zetu walitembea na pete za shaba kiunoni na hakuna aliyewahukumu, lakini sisi wa misheni tulishafundishwa kuona haya. Chini ya kanzu mimi nilijifunga kitambaa kizuri cheupe nilichokipata kwa mpishi wa Bwana Mchungaji kwa kubadilishana na mikungu miwili ya ndizi, chenye maua mekundu yaliyoshonwa pembeni, na katikati maneno ya Kijerumani yamepindapinda kama mzabibu. Mpishi aliniambia kimetupwa. Nilimwamini kwa sababu maua yalikuwa mazuri.

Nikaruka katikati yao, nikaitandaza kanzu kwa mikono yote miwili kutoka shingoni mpaka magotini kwangu, Tupokigwe huku, mzee kule, na kwa kuwa wao waliendelea kulima mbele, mimi nikaendelea kurudi nyuma, mgongo kwa wageni. Mikono ikiwa imeshika kanzu, mkono wa kuongoza haupo tena, kwa hiyo hakuna wa kuwaambia waache. Wakaendelea. Nikasikia mama yangu akisema polepole, "Mwanangu ameugua." Nikarudi hatua nyingine, na nyingine, na ya tatu kisigino kikagonga mguu wa meza, makalio yakaketi juu ya meza, na chungu kikubwa cha Kikisi kilichojaa maziwa ya mgando kikaondoka kwa heshima zote kikaenda kumwagika kwenye buti za bwana mkubwa wa boma.

Wimbo ukakatika. Vichwa ishirini na nane vikainuka.

Kanzu sikuishusha. Hilo mnipe. Nyuma yake nilimsikia Tupokigwe anavuta pumzi kwa nguvu, ameelewa yuko wapi. "Usigeuke," nikamnong'oneza, "tembea nami." Tukatembea, mimi nikiwa mlango unaojibeba wenyewe, yeye amejifunika kichwa akijificha nyuma ya mlango, uwanja mzima, mpaka kwenye mkeka. Nadhani hakuna mtu Kyela aliyewahi kutembea safari ndefu kama ile.

"Huyu mtu ana nini?" bwana mkubwa akauliza kwa Kiswahili chake cha pwani, maziwa yanachuruzika kwenye buti.

Bwana Mchungaji, ambaye sijawahi kumsikia akitia chumvi kwenye neno lolote, akajibu, "Ni desturi ya hapa, bwana." Na ukitazama vizuri hakudanganya. Bwana mkubwa akasema ni desturi ya ajabu lakini wanaimba vizuri, akapiga makofi mawili, na watu wote kwa kumwogopa wakapiga makofi mengi.

Ila mkewe Bwana Mchungaji hakupiga. Alikuwa anasoma. Niliporudi mezani alisoma maandishi ya kiunoni kwangu kutoka kushoto kwenda kulia, akanitaka nigeuke, akamalizia. Kilikuwa kitambaa chake cha meza alichoshonewa na mama yake, naye alikuwa akikitafuta tangu Pasaka akidhani upepo umekipeleka ziwani. Nikamwambia Mama, nisamehe, nilidhani kimetupwa, nitakifua nikirudishe. Akanitazama kwa muda mrefu, usoni kwanza, kisha pale pengine.

"Kaa nacho," akasema. Baadaye alimwita mpishi, na hilo la mpishi si langu kusimulia.

Yote hayo niliyameza. Kilichonikaba ni ahadi. Mzee Mwambola aliniita nyuma ya ukuta wa kanisa, kanzu nimeshaivaa, nje ndani, ila sikuwa na moyo wa kuigeuza. Mwanawe, mume wa Tupokigwe, alikuwa amesimama pale akitazama ardhi.

"Tata," nikasema, "kosa ni langu. Mimi ndiye niliyesema simameni. Yeye hakufanya kitu. Kama ni kutoka kwenye kwaya nitoke mimi."

"Nikuulize," akasema mzee. "Mtu anayelima anaona nini?"

"Udongo."

"Na mimi nilikuwa nafanya nini?"

"Ulikuwa unalima, tata."

"Basi niliona udongo. Na wimbo ulipokatika nikainua kichwa, nikaona kanzu. Nimeangalia kanzu mpaka ikaondoka." Mashavu yakawa yanatetemeka, nikadhani ni hasira. "Kwa hiyo mke wa mwanangu sikumwona. Ataimba. Lakini wewe, mwanangu, wewe umeonekana. Mke wa mwanangu alikuwa nyuma ya kanzu, na wewe ulikuwa hapo hapo na maua yako. Mwanamume akivua nguo karibu na mke wa mtu hivyo, naye amejifanya mkwe. Kuanzia leo humtazami, wala yeye hakutazami. Utakaa upande wangu wa mkeka."

"Tata, nitaongozaje kwaya nikiwa nyuma ya mkeka?"

"Si una mkono? Unyooshe juu."

Mume wa Tupokigwe akashindwa, akaketi chini kabisa akicheka, na mzee naye akacheka kwa sauti yake ile ya nne, nami nikasema ndaga, tata, ndaga fijo, asante baba, asante sana, maana nilikuwa nimekuja kupoteza kwaya nikapoteza sura ya mtu mmoja tu.

Ndivyo tunavyoimba mpaka sasa. Nasimama nyuma ya mkeka na wanaume, mkono wa kushoto nauinua juu ya matete, ngumi, kiganja, kidole, na upande wa pili wanawake wanaufuata mkono usio na mwenyewe. Tupokigwe simwoni. Siku nyingine mkono ukichoka unashuka kabla ya wakati, na yeye anaimba kwa makusudi noti ile ile ndefu, ndefu, mpaka niuinue, na wanawake wote upande ule wanacheka katikati ya sala.

Nimeapa mawili. La kwanza, chini ya kanzu navaa kaniki nyeusi isiyo na neno lolote juu yake. La pili, sitawaambia watu wasimame na wimbo wao kabla sijawauliza miguu yao inaujua vipi. Juzi wazee wa kanisa walinijia, wakasema mwalimu, kwa sikukuu ijayo tuimbe ule wimbo wa kuvuta mitumbwi. Nikawauliza kwanza, unavutwa kwenda wapi. Wakasema majini. Nikawaambia basi tutauimba tukiwa tumeketi, na meza ya wageni ikae mlimani.